Haggis ilinipasukia kwenye sufuria, ndio nikaanza kujifunza

Haggis yangu ya kwanza, kile chakula cha Scotland cha nyama za ndani za kondoo, niliipika Aberdeen, mji wa huko huko Scotland, mwezi wa kwanza, nje barafu imeshika kwenye ngazi na mimi nina miezi minne tu tangu nitoke nyumbani, pande za Nyandarua. Niliinunua bucha ya karibu na kazini kwa sababu wiki hiyo kila mtu alikuwa anaongea haggis, haggis, nikasema wacha na mimi nijaribu, si ni nyama. Ni kitu cha mviringo hivi, kizito, kama ngumi mbili zimeshikana, ncha zake zimebanwa kwa vyuma vidogo. Nikajaza sufuria maji, nikawasha moto hadi mwisho venye ningechemsha matumbo nyumbani, nikatumbukiza haggis nikaenda kuoga. Kurudi nakuta maji yamekuwa uji. Uji kabisa, rangi ya kahawia, mafuta yanaelea juu na ile ngozi tupu inazunguka kwenye povu. Nikakaa kwenye kiti nikalia. Ilikuwa ni uchovu na baridi na kukosa watu wangu, haggis ilikuwa kisingizio tu, lakini siku hiyo sijawahi kuisahau.

Sasa nina miaka saba huku, na hivi vyakula vitatu, haggis, black pudding na white pudding, ndio vyakula vya huku ninavyovijua vizuri kuliko vyote, na ninavipenda kweli kweli. Naandika kwa sababu kila mwaka kuna Mkenya au Mtanzania mgeni ananiuliza hiyo kitu nyeusi kwenye sahani ya asubuhi ni nini, inaliwa aje, ina damu ama haina, na mimi nilijifunza kwa kuharibu vitu vingi.

Kosa la sufuria nilielezwa kesho yake na dada mmoja wa kazini, mzaliwa wa huku, nilipomsimulia akashika kichwa. Kumbe haggis ya bucha au supamaketi huwa imeshapikwa tayari, kazi yako ni kuipasha tu hadi ndani iwe moto kabisa. Unatoa plastiki ya nje, unaifunga na foili, unaiweka kwenye bakuli lenye maji kidogo, oveni digrii 180, na ile ya karibu nusu kilo unaipa kama saa moja. Ukitaka kuchemsha, basi maji yawe yanatetemeka tu, yasitokote. Na kama umetoka kazini umechoka, toa ngozi, katakata, tia kwenye maikrowevu dakika chache na ukoroge katikati, hakuna atakayekusuta. Mimi naipenda ya oveni kwa sababu ukiipasua kwa kisu ule mvuke wa pilipili manga unatoka wote kwa pamoja na nyama inamwagika laini lakini chembe chembe, haijalowa.

Ndani ya haggis kuna mapafu, moyo na maini ya kondoo, vimesagwa vikachanganywa na oti (ile nafaka ya oats), vitunguu, yale mafuta magumu ya kuzunguka figo, chumvi na viungo, pilipili manga ikiwa mbele. Zamani ilijazwa kwenye tumbo la kondoo huyo huyo, siku hizi nyingi ni ngozi ya kutengenezwa. Damu hakuna. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu watu wengi wanachanganya, wanaikataa haggis wakidhani ina damu. Yenye damu ni black pudding, ambayo ni damu, mafuta, nafaka na vitunguu. White pudding ni ndugu yake asiye na damu, huku Scotland ni oti, mafuta na vitunguu basi, ila Ireland wanaongeza na nyama ya nguruwe.

Mimi mtoto wa mutura, ile soseji ya kwetu ya utumbo uliojazwa nyama na damu, kwa hiyo damu haikunitisha hata siku moja. Kilichonisumbua ni kwamba black pudding yangu ya kwanza nilipoikaanga ilisambaratika yote. Nilikata vipande vyembamba kama vya mkate, moto mdogo, na nikawa nageuza geuza kila saa kwa wasiwasi, mwishowe nikabaki na kifusi cheusi kwenye kikaango. Nilikuwa naifanyia kama mutura. Mutura ukiikata imeshikana kwa sababu ndani ni nyama na damu imeganda ikazifunga, unaweza kuigeuza juu ya makaa mara ishirini. Hii nyingine ndani imejaa oti. Ukiishughulikia kama nyama inakukataa, na ukweli huo huo ndio ulikuwa umenipasulia haggis, ila mimi niliona ni makosa mawili tofauti, sikujua ni kosa moja.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja wa miaka 91 kwenye nyumba ya kutunzia wazee niliyokuwa nafanya kazi. Jina lake silitaji, moyoni nilikuwa namwita shosh. Alikuwa haoni vizuri tena na chakula cha pale alikuwa hakitaki, anakionja anakirudisha. Siku moja nikamuuliza, sasa wewe ukiwa mtoto mlikuwa mnakula nini nyumbani? Akaniambia mealie pudding, ndio jina lao la white pudding pande za Aberdeen, na nyama ya kusaga na viazi. Na siku ambazo hakukuwa na utumbo wa kujazia, mama yake alikuwa anaikaanga hivyo hivyo wazi kwenye kikaango, inaitwa skirlie. Nikamwambia nifundishe.

Pale kulikuwa na jiko dogo la shughuli za wazee, la umeme, nikapata ruhusa. Nikamsogeza na kiti chake hadi karibu, nikamfunga blanketi miguuni. Nilikuwa nimenunua oti ninazozijua mimi, zile bapa za uji. Akatia mkono kwenye pakiti akazisugua kwa vidole, akasema hapana, hizo ni za uji. Ikabidi tuahirishe hadi wiki ijayo nikatafute oti zilizokatwa, zile ngumu, na nilipozimwaga kiganjani nikaona hii si ni chenga, kama chenga za mchele vile. Chenga za oti. Akazisugua tena, akatingisha kichwa kukubali.

Unayeyusha mafuta ya nyama, unatia kitunguu kilichokatwa vidogo, unakiacha mpaka kianze kupata rangi. Mimi nilitaka kumwaga oti mapema, yeye akanyanyua kidole, subiri. Alikuwa anasikiliza. Kumbe hilo jina skirlie lenyewe linatokana na kelele, ule mlio mkali wa kikaango, na yeye kwa kuwa haoni alikuwa anapika kwa masikio. Mlio ukawa mwembamba, mkali, akashusha kidole, nikamwaga chenga, kelele ikafa ghafla halafu ikarudi taratibu kadiri zilivyokunywa mafuta. Chumvi, pilipili manga nyingi, unakoroga, unapunguza moto, dakika kama kumi hivi zinaiva, zinakuwa laini lakini ukitafuna bado kuna kitu cha kutafuna. Alikula sahani yote. Akaniambia nyama kwao ilikuwa ya Jumapili, hii ilikuwa ya kila siku, na kwamba mtu akiharibu oti ameharibu chakula chote.

Hapo ndipo nikaelewa. Kwenye vitu hivi vitatu mwenye nyumba ni nafaka. Damu, maini, mapafu, vyote ni wageni wa heshima lakini anayeamua chakula kitoke aje ni zile chenga, zinakunywa mafuta, zinavimba, zinabeba viungo. Ukizichemsha kwa fujo zinavimba zinapasua ngozi. Ukizikaanga bila moto wa kutosha hazifanyi ukoko, na bila ukoko kipande kinavunjika.

Nilipoanza kuangalia hivyo nikaona kila mahali ni hivyo hivyo. Kuna mwenzangu wa kazini, Mpolandi, alileta soseji ya damu ya kwao inaitwa kaszanka, akaikaanga na vitunguu, ndani kuna nafaka yenye pembe tatu inaitwa buckwheat, na akanieleza kwamba hata jina lenyewe linatoka kwa neno la nafaka, kasza. Yaani wao hawakuiita kwa damu, waliiita kwa nafaka! Wahispania wa Burgos wanatia mchele. Bury, karibu na Manchester, ambako black pudding ina jina kubwa sana, wanatia shayiri. Scotland ni oti kwa sababu baridi na mvua ya huku ngano haiipendi lakini oti inavumilia. Kila watu na shamba lao.

Sasa black pudding naikaanga hivi. Nakata vipande vya unene wa kidole, natoa plastiki kama ipo, na usisahau kuitoa maana nimeshaona mtu akiitafuna. Kikaango kinapata moto wa kati mpaka kiwe tayari kweli, mafuta kidogo tu kwa sababu yenyewe ina mafuta, naweka vipande na sivigusi. Dakika tatu hadi nne. Ukijaribu kugeuza na kinashikilia chini, kiache, hakijawa tayari, kikiwa tayari kitajiachia chenyewe. Unageuza mara moja tu. Nje ukoko mweusi unaovunjika, ndani laini kama maini mazuri. Ninayoipenda ni ya Stornoway, mji wa kisiwa cha Lewis kule kaskazini magharibi, na tangu 2013 jina hilo linalindwa kisheria, huwezi kutengeneza yako Glasgow ukaiita ya Stornoway. Ina oti zinazoonekana, haijasagwa ikawa kama sabuni venye zile za bei ya chini zinakuwa.

Na lazima kuwe na kitu kichachu. Hili sikuambiwa na mtu, niliona mwenyewe, kwa sababu mwanzoni nilikula black pudding na ugali na sukuma nikashindwa, kavu juu ya kavu, haishuki kooni. Huku wengine wanaweka tufaha, Bury wanatia siki au haradali. Mimi nikakumbuka pale stendi jioni, yule jamaa wa mutura anakukatia ya hamsini kwenye ubao, anakusogezea kachumbari na chumvi, na kikombe cha supu pembeni. Si ndio hiyo. Nikatengeneza kachumbari, nyanya, kitunguu, dania, pilipili mbichi, ndimu nyingi, nikaweka juu ya vile vipande vya moto. Tangu siku hiyo sijali mwingine anakula na nini. Ugali nimeuacha, naila na viazi vya kuponda, ama mukimo nikipata majani ya malenge, ambayo huku ni shida.

White pudding ukiniuliza mimi ndio bora kuliko zote tatu. Najua wengi watanipinga. Haina sifa, haina sherehe yake, haitiwi kwenye picha, lakini ukiikaanga mpaka pembeni iwe ya dhahabu ukaila na mayai na kitunguu kilichoiva vizuri, ama ukaivunja vunja juu ya sukuma iliyokaangwa mwishoni mwishoni, utanitafuta. Kwenye maduka ya chipsi wanaichovya nzima kwenye unga wa maji kama wa bajia wanaitumbukiza kwenye mafuta, ukisema supper wanakupa na chipsi. Nimekula hivyo nikitoka shifti ya usiku na sitasema ni mbaya, ila ule unga unameza ladha yote ya oti, ni afadhali ya kikaango.

Haggis ndio yenye siku yake. Tarehe 25 mwezi wa kwanza wanasherehekea kuzaliwa kwa mshairi wao Robert Burns, alizaliwa 1759, na mwaka 1786 alichapisha shairi la kuisifu haggis yenyewe. Pale kazini tulikuwa tunafanya kila mwaka. Anakuja mpiga zumari la mfuko mbele, nyuma yake haggis kwenye sinia, wazee wanapiga makofi, mmoja anasoma lile shairi na akifika sehemu fulani anaichoma kisu. Pembeni viazi vya kuponda na ile mizizi ya manjano wanayoiita neeps, nayo imepondwa na siagi. Kuna wazee pale walikuwa wamesahau majina ya watoto wao lakini shairi la haggis walikuwa wanalifuata kwa midomo, mstari kwa mstari. Unasimama pale na sinia mkononi unajikaza.

Binamu yangu aliye Minnesota aliposikia nampigia kelele za haggis akaniambia nimtumie. Haiwezekani. Marekani walipiga marufuku mapafu kwenye chakula cha watu tangu 1971, na haggis ya kweli ina mapafu. Nikamfundisha skirlie kwa simu, ametulia.

Kwa wenzangu Waislamu, black pudding haiwahusu, na kuna Wakristo pia hawali damu, heshima yao. Lakini haggis msiipite. Jirani yangu ghorofa ya chini ni mama wa Mombasa, tunaitana shoga, alikaa miaka mitatu anapita kwenye rafu ya haggis haigusi. Nilipomwambia haina damu akasema "Shoga, na huyo kondoo je, kachinjwa na nani?" Swali la haki kabisa. Basi nilipoenda Glasgow nikamtafutia ya halali, ipo, na nikachukua na ya mboga, ya maharagwe na dengu na oti, ambayo nayo inauzwa tangu 1984 na ni nzuri sana, nasema bila kumpendelea mtu. Yeye ndiye alikuja na wazo la sambusa. Tukapasha haggis, tukaiacha ipoe, tukatia dania, pilipili mbichi, ndimu, tukafunga manda zake za kisawasawa za Mombasa, tukakaanga. Usiongeze chumvi wala pilipili manga, imeshajaa. Idd iliyofuata zilikuwa za kwanza kuisha mezani.

Kitu kimoja cha kuangalia, akina dada. Nilipokuwa na mimba ya pili mkunga aliniuliza nakula nini, nikamtajia haggis nikijisifu, ati napata madini ya chuma. Akanisimamisha. Haggis ina maini, na maini yana vitamini A nyingi mno ambayo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mjamzito haili. Niliacha hadi nilipojifungua. Na hata kama huna mimba, hivi vyakula vina chumvi na mafuta mengi, mimi nakula mara mbili kwa mwezi, nikizidisha najisikia mwenyewe.

Sasa ya mwisho, Disemba iliyopita. Nilirudi nyumbani na kilo mbili za chenga za oti kwenye begi, kwa sababu oti za supamaketi za kule ni zile bapa za uji. Kwetu mbuzi akichinjwa mutura ni kazi ya wanaume, wanawake tunapelekewa ikiwa tayari. Nikamwomba mzee nipewe utumbo urefu wa mkono mmoja, nijaribu kitu. Mzee huniita mami kwa sababu nilichukua jina la mama yake. Akaangalia pakiti, akachota kidogo kiganjani. "Mami, hii si ndio tunalishia ng'ombe?" Na ni kweli, pande zetu oti ni ya ng'ombe. Nikamwambia ndiyo baba, na kuna nchi nzima imekua nayo.

Nilizikaanga kavu kidogo zipate harufu, nikazilowesha na supu ya mifupa, nikachanganya na nyama yao iliyokatwa, damu, kitunguu, dania, pilipili. Ndugu yangu akachukua kazi ya kujaza akashindilia mpaka mwisho, kama mutura, nikamwambia acha nafasi, hizi zinavimba, hakusikia. Ya kwanza ikapasuka kwenye sufuria dakika ya kumi, na mimi nikaona tena ile jioni ya Aberdeen. Ya pili nikajaza mwenyewe, robo nzima nikaiacha tupu, nikafunga kwa uzi, nikatoboa kwa sindano hapa na pale, nikaichemsha kwa moto mdogo sana, maji yanatetemeka tu. Ikavimba ikajaa ngozi sawasawa. Ndipo ikaenda kwenye makaa.

Anko wangu, ambaye hakuna mutura duniani anayoisifu kama hakuitengeneza yeye, alichukua kipande cha kwanza akatafuna polepole akiangalia moto. Hakusema kitu. Akachukua cha pili, akachovya kwenye chumvi. Cha tatu akamkatia mzee. Mzee akala, akasema inashika tumbo hii, na mafuta hayamwagiki kwenye makaa yakapotea, yamebaki ndani. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya oti, inakunywa.

Mwaka huu naenda tena mwezi wa kumi na mbili. Wiki iliyopita mzee alinipigia, baada ya salamu na habari za watoto akauliza kama zile chenga bado zinauzwa. Nikamwambia zipo. Akasema basi nibebe kilo nne, kwa sababu safari hii mbuzi ni wawili, na anko ameshauliza nani atajaza.